Hatari na Majaliwa

Miongoni mwa maswali yanayomsumbua mwanadamu tangu alipotambua kuwa mwili wake hautadumu, lipo hili la kutaka kujua ni sehemu gani ya maisha yake imewekwa katika mamlaka yake, na ni sehemu gani ilikwisha kupitishwa na Mola wake kabla yeye hajazaliwa. Wazee wetu waliliuliza kando ya kitanda cha mgonjwa aliyekwisha kudhoofika, wakati tabibu amekwisha kufunga mkoba wake na jamaa wamebaki na dua peke yake. Lakini katika zama zetu swali hili limehama mahali pake pa kale, likaja kusimama mbele ya mtu mzima, mwenye nguvu, anayekula akashiba na kulala akaamka, ambaye anaambiwa na mkunga au daktari kwamba mwilini mwake mna badiliko dogo ambalo leo halimdhuru, kesho huenda likatoweka lenyewe, na baada ya miaka kumi au ishirini huenda likawa saratani itakayomwua. Habari ya namna hiyo haimwiti mtu mgonjwa wala haimpi amani ya mtu salama, na anayeipokea hajui alie au ashukuru. Nakusudia kulichunguza jambo hilo kwa jicho la dini na la akili, ili tuone kama kuitafuta habari hiyo na kuifanyia kazi ni kuyaingilia mambo ya Mungu, au ni kumtii.

Nayaandika haya nikiwakumbuka zaidi watu wa Lubarika na vijiji jirani vya tambarare ya Ruzizi, katika teritwari ya Uvira, mahali ambapo milima ya Lemera inashuka na kukutana na mashamba ya mpunga, mihogo na mahindi, na ambapo upande wa mashariki mto Ruzizi unaitenga Kongo na Burundi kabla haujamwaga maji yake katika ziwa Tanganyika. Watu wa huko ni watu wa ibada. Wapo Wakatoliki, wapo Wapentekoste wengi waliolelewa na misheni za watu wa Sweden, na mjini Uvira wapo Waislamu ambao Kiswahili na Kurani viliwafikia kwa njia zile zile za biashara zilizozunguka ziwa. Na wote hawa, pamoja na tofauti zao katika kusali, wana itikadi moja juu ya ajali, yaani kwamba siku ya mtu ikifika haina wa kuirudisha. Itikadi hiyo ni njema, nayo imewasaidia kustahimili misiba ambayo ingaliwavunja watu wengine mioyo. Lakini kila itikadi njema ina mpaka wake, na mtu akiuvuka mpaka huo huweza kuifanya kuwa kisingizio.

Hatuwezi kuhukumu jambo tusilolijua, basi na tuanze kwa kulieleza. Mlango wa kizazi cha mwanamke umefunikwa na ngozi nyororo ya ndani, na pale zinapokutana ngozi za namna mbili, ile ya nje iliyo ngumu kidogo na ile ya ndani iliyo laini, seli hubadilika daima tangu ubalehe. Na mahali hapo penye mabadiliko ya kawaida ndipo virusi viitwavyo papiloma hupata mlango wa kuingilia. Virusi hivyo vina aina nyingi, na mtaalamu wa Kijerumani Harald zur Hausen, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2008, ndiye aliyeonyesha pamoja na wenzake, katika miaka ya 1983 na 1984, kwamba aina mbili, ya 16 na ya 18, zimo ndani ya saratani ya mlango wa kizazi; na leo yajulikana kuwa hizo mbili peke yake ndizo chanzo cha saratani hiyo kwa wanawake 70 hivi katika kila 100. Wengi wa wanaoambukizwa hawapatwi na neno, kwa kuwa mwili wenyewe huvifukuza virusi katika muda wa miaka 2. Ni kwa wachache tu ambao virusi hukaa bila kuondoka kwamba seli huanza kugeuka sura: kiini chake hukua kupita kiasi, mpangilio wake huvurugika, na vurugu hiyo hupanda kutoka tabaka la chini la ngozi kuelekea juu, ikiwa imefika theluthi moja huhesabiwa daraja ya kwanza, ikifika theluthi mbili ya pili, na ikipita hapo huwa ya tatu.

Lakini hata katika daraja hiyo ya tatu, seli zilizoharibika zimo bado upande wa juu wa utando mwembamba unaoitenga ngozi na nyama iliyo chini yake. Zikiwa huko hazisafiri, haziumi, hazitoi damu, wala haziui. Siku zinapoutoboa utando ule na kushuka ndipo ziitwapo saratani, na kutoka hapo njia ya damu na ya tezi imekuwa wazi kwao. Kwa mwanamke mwenye kinga timamu safari hiyo, tangu maambukizo hadi saratani, aghalabu huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa huweza kufupika ikawa miaka 5 hadi 10, na kwa jumla wanawake wenye ukimwi wamo katika hatari ya saratani hiyo mara 6 kuliko wenzao. Hapa ndipo ajabu ya jambo lenyewe ilipo, kwamba adui aliye mkali kiasi hiki amepewa mwendo wa polepole kiasi hiki, na kwamba katika muda wote huo hana silaha wala sauti, na mtu yeyote mwenye kifaa kidogo na mafunzo ya kutosha aweza kumwona.

Na kumwona huko hakuhitaji mashine za ajabu. Daktari wa Kiyunani George Papanicolaou, aliyehamia New York, alitangaza mwaka 1928 kwamba seli zilizopanguswa katika njia ya uzazi huonyesha saratani chini ya hadubini, na kitabu alichokitoa pamoja na Herbert Traut mwaka 1943 kikaifanya njia hiyo kuwa ya dunia nzima. Lakini hadubini inataka maabara na mjuzi wa kuisoma, na nchi nyingi hazina vitu hivyo kwa wingi, kwa hiyo ikapatikana njia nyingine ya watu wa hali ya chini. Na tumfikirie mama mmoja wa miaka 35 amelala juu ya kitanda cha chumba cha uchunguzi, uso wake ameugeuzia ukutani kwa haya, na muuguzi ameishika taa kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine kijiti chenye pamba iliyochovywa katika siki iliyopunguzwa ukali, sehemu 3 hadi 5 katika 100. Muuguzi huipaka siki mlangoni pa kizazi, kisha hungoja dakika moja. Ngozi nzima hubaki na wekundu wake mwororo. Iliyoharibika hugeuka nyeupe, nyeupe nzito yenye kingo zinazoonekana wazi, na ikiwa doa hilo ni dogo na linafikika lote, laweza kuchomwa siku ile ile kwa chombo chenye kichwa kilichopashwa moto wa digrii 100 kwa muda wa nusu dakika hivi, au kugandishwa kwa baridi ya gesi. Mama husikia maumivu kama ya hedhi, akavaa, akaenda zake nyumbani kwa miguu, na akatakiwa arudi baada ya mwaka kutazamwa tena.

Kabla hajaondoka lakini huuliza swali ambalo wanafalsafa wangelihitaji kitabu kizima kulijibu, naye huliuliza kwa Kiswahili cha kwao: “Sasa, muganga, mimi niko mugonjwa ao niko muzima?” Na muuguzi mwenye busara humjibu: “Mama, uko muzima, lakini kuna kitu tunapashwa kukitosha mbele kikomae.” Jibu hilo ni la kweli, nalo ni gumu kulishika, kwa sababu akili zetu zimezoea kugawanya watu mafungu mawili tu, wazima na wagonjwa, na kumbe lipo fungu la tatu la watu walio wazima ambao uzima wao una jambo la kuangaliwa.

Ugumu wenyewe wazidi tunapoingia katika hesabu. Katika wanawake 100 wenye badiliko la daraja ya kwanza, 60 hivi hupona bila ya kutibiwa. Katika wenye daraja ya pili, nusu hivi hurudi katika hali njema ndani ya miaka 2. Ama juu ya daraja ya tatu, dunia ilijifunza kwa njia ya kusikitisha. Katika mji wa Auckland, nchini New Zealand, alikuwapo daktari wa wanawake jina lake Herbert Green ambaye hakuamini kuwa badiliko hilo hugeuka saratani, na tangu mwaka 1966, kwa idhini ya wakubwa wa hospitali yake, baadhi ya wanawake waliachwa na kutazamwa tu, hali wenyewe hawakuelezwa kwamba wanaachwa. Mambo hayo yalifichuliwa na waandishi wawili wanawake, Sandra Coney na Phillida Bunkle, mwaka 1987, na hakimu Silvia Cartwright akayachunguza na kutoa ripoti yake mwaka 1988. Miaka 20 baadaye, mwaka 2008, wataalamu walipohesabu yaliyowapata, waliona kwamba katika wanawake 143 waliokatwa kipande kidogo tu cha kupimwa bila kutibiwa barabara, 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30, na katika wale waliotibiwa vema hakufika hata 1 katika 100.

Hesabu hiyo yataka kutazamwa pande zote mbili. Wale 31 ni hoja dhidi ya daktari aliyesema hakuna hatari. Lakini wale 69 waliobaki, ambao nao walikuwa na doa lile lile, ni hoja dhidi ya mtu yeyote atakayesema kuwa doa hilo ni hukumu ya kifo. Na hakuna tabibu, hata angekuwa na hadubini bora kuliko zote, ambaye angeweza siku ile ya kwanza kuwapanga wanawake wale mistari miwili na kusema huyu ni wa mstari huu na yule ni wa mstari ule. Elimu ya hatari ni elimu ya wengi. Yatueleza yatakayolipata kundi, na inapofika kwa mtu mmoja, mwenye jina lake na watoto wake, inanyamaza. Habari ya huyo mmoja imebaki mikononi mwa Yule aliyemwumba, na hapo ndipo ninapoona jawabu la wale wanaoogopa kwamba uchunguzi huu ni kuchungulia ghaibu. Ghaibu haikuguswa. Mganga wa ramli anayemwambia mwanamke kwamba atakufa mwaka fulani ndiye anayedai kuijua habari ya mmoja, na dini zetu zote mbili zimemkataza; muuguzi mwenye siki hakudai hivyo, alisema tu yale ambayo Mungu amewaruhusu wanadamu kuyaona kwa kuhesabu, na kisha akatoa mkono wa kusaidia.

Hoja ya majaliwa lakini haishindwi upesi hivyo, na mwenye kuishika atasema: ikiwa Mungu ameandika kuwa mama huyu ni mmoja wa wale 69, uchunguzi na uchomaji vina faida gani, na ikiwa ameandika kuwa ni mmoja wa wale 31, ni nani atakayeifuta kalamu? Swali hili ni la kale. Khalifa Umar bin al-Khattab aliulizwa mfano wake katika mwaka wa 18 wa Hijra, alipokuwa njiani kwenda nchi ya Sham na wakuu wa majeshi yake wakampasha habari kwamba tauni imeingia huko, naye akashauriana na watu akaamua kurudi Madina. Ndipo Abu Ubaida, mmoja wa wakuu hao, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akakubali kuwa anakimbia, lakini anaikimbia kadari moja kuiendea nyingine iliyo ya Mungu huyo huyo, kama mchunga ngamia anayeacha bonde kavu na kwenda kwenye bonde lenye majani, ilhali mabonde yote mawili ni ya Mungu. Maana yake kwetu ni kwamba tiba nayo imo katika maandiko yale yale ya majaliwa. Aliyeandika ugonjwa hakushindwa kuandika siki na taa na mkono wa muuguzi, na mtu anayekataa tiba kwa kuheshimu kalamu ya Mungu amesoma mstari mmoja wa karatasi akauacha wa pili.

Wakristo nao wana habari ya mfalme Hezekia, katika kitabu cha pili cha Wafalme na katika Isaya. Aliambiwa na nabii kwamba atakufa, akageuza uso wake ukutani akaomba na kulia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Na wengi wanaohubiri habari hiyo huishia hapo, penye maombi na miaka 15, wakasahau kwamba nabii yule yule, baada ya kuleta ahadi, aliagiza mkate wa tini uletwe ukawekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na dawa ikaletwa vilevile. Basi ikiwa mtu aliyepewa neno la yakini kutoka mbinguni hakuona aibu kubandikwa tini, sisi ambao hatukupewa neno la yakini juu ya miaka yetu tunaionea siki aibu gani?

Mwanachuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya kumtegemea Mungu katika kitabu chake cha kuhuisha elimu za dini, alizigawa sababu za kuondoa madhara daraja tatu, na mgawanyo huo wafaa sana katika jambo letu. Daraja ya kwanza ni za yakini, mfano maji kwa kiu na mkate kwa njaa, na kuziacha hizo hakuitwi tawakali, ni kosa, na pakiwa na hofu ya kufa ni haramu. Ya pili ni za dhana iliyo na nguvu, na humo aliziweka dawa za matabibu, ambazo kuzitumia hakuvunji tawakali. Ya tatu ni za kuwaza tu, kama ruqya, yaani azima za kusomewa mgonjwa, na hizo ndizo ambazo mwenye kutegemea Mungu huziacha. Nami naona kwamba makosa yetu mengi katika kuipokea habari ya hatari hutokana na kuzichanganya daraja hizi: mmoja huichukua dhana akaifanya yakini, akarudi nyumbani akaagana na watoto kwa sababu ya doa ambalo huenda lingalitoweka, wa pili huichukua dhana akaiita wazo tupu, akadharau, na wa tatu, aliye maskini kuliko wote, huiacha dhana ya tabibu akaenda kutoa mbuzi wake kwa mwenye hirizi, yaani amekimbia daraja ya pili akaangukia ya tatu. Uadilifu wa akili ni kukipa kila kitu uzito wake, na dhana yenye nguvu ina uzito wa kumtosha mtu kuamka alfajiri na kutembea kwenda kupimwa.

Uadilifu huo una upande wa pili ambao madaktari wenyewe huhitaji kukumbushwa. Katika Injili ya Mathayo upo mfano wa bwana shamba ambaye adui alipanda magugu katikati ya ngano yake, na watumishi walipotaka kuyang'oa aliwazuia wasije wakang'oa na ngano, akaamuru vyote viachwe mpaka mavuno. Nimewaza kwamba mtu aweza kuushika mfano huo ili kutetea kungoja, na mkulima wa mpunga wa Ruzizi ndiye angemjibu vizuri, kwa maana yeye hungoja mche uonekane, lakini akisha kuutambua hangoji magugu yachanue. Na mfano wenyewe ulisemwa juu ya watu, ili tusiharakishe kuhukumiana. Haukusemwa juu ya seli. Hata hivyo hekima ya bwana shamba ya kuihurumia ngano ina nafasi yake. Msichana wa miaka 20 aliyeonekana na badiliko la daraja ya kwanza, ambaye mwili wake yaelekea utalifuta, akikatwa mlango wa kizazi kwa pupa ya tabibu, huenda akazaa watoto kabla ya wakati wao. Ndiyo maana uchunguzi huu wapendekezwa kuanza katika miaka 30 kwa wanawake wengi, na 25 kwa wenye virusi vya ukimwi. Kwa mmoja kungoja ni hekima, na kwa mwingine ni uzembe, na anayetofautisha ni elimu.

Ipo hoja nyingine ambayo haikutoka katika kitabu chochote, imetoka katika maisha ya tambarare yenyewe, nami naiheshimu kuliko zote. Mtu wa Lubarika aweza kusema: mnanihadithia juu ya miaka 20, na mimi sijui kama nitalala nyumbani kwangu juma lijalo. Kule juu ya mlima, Lemera, ilikuwapo hospitali iliyojengwa na wamisheni wa Sweden, na daktari Denis Mukwege, aliyerudi kutoka Ufaransa akiwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, alikuwa akifanya kazi huko. Na tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliivamia, wakawaua wagonjwa vitandani na wauguzi pamoja nao. Katika nchi ambayo kitanda cha hospitali kimepata kuwa mahali pa kuuawa, nani atamlaumu mama anayeona hatari ya mbali kuwa ni anasa ya watu wenye amani?

Hata mimi simlaumu, lakini namwomba atazame alivyofanya daktari yule yule. Hakuichukulia vita kuwa ni sababu ya kuacha kazi ya uzazi. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi kule Bukavu, akaendelea kuwatibu wanawake wa Kivu mpaka akapewa tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Na akina mama wa tambarare wenyewe, katika miaka ile ya kukimbia na kurudi, kila waliporudi walipanda mihogo ambayo haiivi kwa mwezi mmoja, wakapeleka watoto shule ambayo haimaliziki kwa mwaka mmoja. Walikuwa wakiitumaini miaka ijayo kwa vitendo ingawa kwa midomo walisema hawaijui. Kuutunza mwili kwa ajili ya miaka 20 ijayo ni tendo la jamii ya matendo hayo, na vita, ambayo imekwisha kuchukua mengi, haifai kupewa na haya ambayo haikuyadai.

Sasa nifike penye aibu, kwa sababu wengi hawazuiwi na falsafa, wanazuiwa na macho ya watu. Virusi vya papiloma huambukizwa kwa kujamiiana, na habari hiyo ikitangazwa bila ya busara mwanamke mwenye doa huonekana kama aliyeshuhudiwa uzinzi na mwili wake mwenyewe. Dhana hiyo ni dhulma. Virusi hivi vimeenea kiasi kwamba wengi wa wanaume na wanawake waliopata kujamiiana katika maisha yao wamekutana navyo, hata waliojua mume mmoja au mke mmoja. Mke mwaminifu aweza kuvipata kwa mumewe, na vikakaa kimya miaka mingi. Na wako ambao walivipata kwa kudhulumiwa, katika vita ambayo dhambi yake yote ni ya waliowadhulumu. Katika Injili ya Yohana wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa waliuliza ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa lile swali lenyewe. Na kwa wale ambao haya yao ni ya kuvuliwa nguo tu, ambayo ni haya njema na ya kuheshimiwa, ipo leo njia ya kupima virusi vyenyewe ambayo mwanamke huchukua sampuli yake kwa mkono wake, nyuma ya pazia, bila ya jicho la mtu.

Nikiwa nimesema haya juu ya wajibu wa mwenye mwili, ingekuwa si insafu kuishia hapo, kwa maana wajibu hauzidi uwezo, na mama hawezi kulaumiwa kwa kutopimwa mahali ambapo hapana anayepima. Ujuzi ukisha kupatikana duniani, huwa ni amana juu ya kila aliyeufikia, na serikali, makanisa, misikiti na mashirika yenye hospitali wataulizwa juu ya amana hiyo. Haiwezi kusemwa kwamba ni jambo lisilowezekana kwa Waafrika, kwani jirani zetu wa Rwanda, nchi ndogo iliyotoka katika mauaji makubwa, walianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima dhidi ya virusi hivi mwaka 2011, wakiwa wa kwanza katika Afrika, na Tanzania ikafuata mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani mwezi wa Novemba 2020 liliziwekea nchi zote shabaha za kufikiwa mwaka 2030: wasichana 90 katika 100 wachanjwe kabla ya kufika miaka 15, wanawake 70 katika 100 wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na 90 katika 100 ya watakaoonekana na ugonjwa watibiwe. Saratani hii mwaka 2022 iliwaua wanawake 350,000 hivi duniani, na wengi sana wao walikufa katika nchi za watu wenye kipato kidogo na cha kati. Na kwa kuwa ajali yao aghalabu ilitanguliwa na miaka 15 ya muhula, sioni jinsi sisi tuliobaki tunavyoweza kuliweka jambo lote juu ya Mungu.

Neno la mwisho naliweka mbele ya kila mmoja kwa sehemu yake. Mama uliyefika miaka 30, au uliyefika 25 nawe waishi na virusi vya ukimwi, ukisikia kwamba uchunguzi upo Lemera, Uvira au Bukavu, nenda, na usingoje damu wala maumivu, kwa sababu vikija hivyo muhula umekwisha. Ukiambiwa kuna doa, uliza ni la daraja gani, uliza ni tiba gani na marejeo ni lini, na siku ya marejeo urudi. Baba, toa nauli na ruhusa kabla hujaombwa, na usimwulize mkeo swali ambalo Yesu alilikataa. Wachungaji, mapadri na masheikh, ninyi mnaosikilizwa kuliko redio, waambieni watu wenu hadharani kwamba kupimwa hakupunguzi imani hata chembe. Na ninyi matabibu, semeni kweli yote, pamoja na ile sehemu yake isiyojulikana, maana wanawake wa Auckland hawakunyimwa tiba tu, walinyimwa habari ya miili yao, na hakuna mwenye haki ya kumficha mtu habari hiyo.

Mungu anayejua habari ya kila mmoja ametuachia sisi habari ya wengi. Tutaulizwa tuliifanyia nini.